Athari ya Mizna

Nimepewa jedwali lenye safu nne:
jina, kuzaliwa, kufa, cheo.
Mkuu wa nyaraka, hapa Nizwa, anataka watu mashuhuri
waliozaliwa kati ya mwaka elfu na tisini
na elfu moja mia na kumi na mbili, wa Hijra,
na anawataka kabla ya Alhamisi.

Kadhi nimempata, Nabhan bin Dhahil: safu zote zimejaa.
Nahodha wa Suhar, aliyerudi na jicho moja na mizinga sita: amejaa.
Mwandishi aliyenakili vitabu arubaini
na pembeni mwa kila kimoja akalalamikia baridi ya vidole,
huyo nimempenda, nimemwekea nukta ya ziada.

Kisha daftari la falaji ya Izki.
Mchwa, kama wasomaji wavivu, wameanzia mwisho.
Ndani yake, katikati ya zamu za maji,
Mizna binti Sarhan.
Kuzaliwa: mwaka ule mfereji ulipobomoka.
Kufa: mchwa.
Cheo: hakuna neno.

Bibi yangu, aliyehamia huku kutoka Wete
na Kiswahili chake chote na sufuria mbili,
angeuliza: asiye na cheo ameingiaje daftarini?

Ameingia kwa nyota.
Mumewe alikuwa mgawa maji. Macho yalipomzimika
akawa anakaa kizingitini, anauliza, "Imechomoza ipi?"
Mizna anamjibu,
hata watu wakang'amua kuwa anayejibu ndiye anayegawa.
Wakanung'unika.
Wakanyamaza, maana mitende ilikuwa inakunywa sawasawa.

Kipimo ni nusu saa; wenyewe hukiita athari.
Kwetu neno hilo ni kile kinachobaki
jambo likishapita.
Nyota ikivuka ukuta wa msikiti, athari imekwisha,
jiwe linang'oka hapa, linaziba pale,
na mwenye shamba anarudi kulala akitaka asitake.

Usiku wa mawingu ndio ulionifikishia habari zake.
Jina lake lenyewe ni wingu lenye mvua,
na wingu, safari hii, lilikuja kavu,
likafunika nyota zote katika mwaka wa tatu wa ukame.
Kaka yake, Muhanna, akasema:
"Hakuna nyota, hakuna saa.
Maji yabaki kwangu mpaka kupambazuke."

Mizna akaleta bakuli la shaba lenye tundu,
akalieleza juu ya beseni. Likajaa taratibu. Likazama.
Akalitoa, akalieleza tena.
Lilipozama mara ya mwisho ya hesabu
akaenda mwenyewe, matope magotini,
akaziba mdomo wa shamba la kaka yake,
shamba alilozaliwa yeye.
"Kaka ni kaka," daftari limemnukuu, "na bakuli ni bakuli."

Muhanna hakusema naye miaka tisa, tisa.
Neno limeandikwa mara mbili,
sijui ni kosa la kalamu.

Jana nimeendesha gari hadi Izki, saa kumi alfajiri.
Kijana mwenye fulana ya mpira ameketi ukingoni,
uso wake buluu kwa mwanga wa simu.
Simu ikalia. Akampigia mwenzake ukelele gizani:
"Mizna! Mizna imeingia!"

Nikamuuliza, Mizna ni nani?
Akanitazama kama niliyeuliza Jumatatu ni nani.
"Ni saa," akasema. "Ile nusu saa kabla ya adhana.
Maji yake hayana mwenyewe.
Yanakwenda kwa mitende ya wapita njia."
Akang'oa jiwe na matambara yake,
maji yakageuka upande wangu,
nami nilichelewa kuondoa miguu.

Viatu nimevianika dirishani mwa ofisi.
Chini ya cheo nimeandika: nusu saa.
Chini ya kufa nimepiga mstari.
Mkuu amenirudishia jedwali mchana huu,
kwa wino mwekundu, neno moja:
Fafanua.